Ufunguo, Mwiba na Kofia: Uhakiki wa Lugha Inayoelezea Protini za Virusi vya Ebola

Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Maelezo ya kisayansi huachiwa watu wa istilahi, nao wakishapata neno la kutia katika kamusi huona kazi yao imekwisha. Katika makala haya tunakusudia kuyachukua maelezo ya namna hiyo kama matini yanayostahili kuhakikiwa. Yaani, kuyauliza yanasema nini, yanaficha nini, na yanamfanya msikilizaji aamini nini. Maelezo tuliyoyachagua ni yale yanayohusu protini za virusi vya Ebola na dawa zilizotokana na kujulikana kwa maumbo ya protini hizo. Mahali ni Beni, Butembo na vijiji vinavyoizunguka miji hiyo katika Kivu ya Kaskazini, kwa kuwa huko ndiko dawa hizo zilikolinganishwa kwa wagonjwa mamia, na huko Kiswahili ni lugha ya soko, ya redio na ya mahubiri.

Hoja yetu ni kwamba taswira inayotumiwa zaidi kueleza jinsi kirusi kinavyoingia katika seli, ile ya ufunguo na kufuli, imeazimwa ikiwa imekwisha tengenezwa kwingine, na kwa ugonjwa huu inaficha jambo lile lile ambalo mgonjwa na jamaa zake walihitaji kulielewa. Kiswahili kina uwezo wa kulieleza jambo hilo bila kuazima. Uwezo huo umo katika vitenzi, ambavyo wanaistilahi wetu wamevitumia kidogo mno.

Mazingira ya matini

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini, baada ya ugonjwa kutambuliwa Mangina, karibu na Beni. Mlipuko huo ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuwa wameugua, na 2,287 kati yao walifariki. Eneo lenyewe lilikuwa limekwisha choshwa na vita, na raia wa upande wa Beni walikuwa wakiuawa kwa makundi tangu mwaka 2014. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwezi wa Februari 2019, na mwezi wa Aprili daktari Richard Mouzoko wa Kameruni, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa akiwa hospitalini Butembo. Itakuwa upuuzi kudai kwamba taswira bora ingeyazuia hayo. Chuki ile ilikuwa na mizizi ya kisiasa na kiuchumi ambayo mhakiki wa lugha hana kisu cha kuikata. Hata hivyo, watu walikuwa wakiuliza maswali, na maswali hujibiwa kwa maneno. Uchunguzi wa lugha uliofanywa na Translators without Borders katika mlipuko huo ulionyesha kwamba watu wa huko hawakutosheka na ujumbe mfupi unaorudiwarudiwa. Walitaka maelezo ya kina, na kwa lugha wanayoielewa.

Lugha hiyo ni ipi? Mkazi wa Kipese husema Kinande nyumbani, Kiswahili akienda sokoni Butembo, na akifika zahanati hukuta karatasi za Kifaransa. Kiswahili chake si kile cha Unguja wala si kile cha kamusi za Dar es Salaam. Kina upatanisho wake wa kisarufi na maneno yake ya Kifaransa. Kwa hiyo kumpelekea istilahi iliyosanifiwa Dar es Salaam bila maelezo ni kumpa neno la kigeni la pili badala ya lile la kwanza. Lakini vitenzi vya msingi, kama funga na fungua, kunja na kunjua, shika na achia, anavyo kama tulivyo navyo sisi. Tutalirudia jambo hili.

Ufunguo uliotengenezwa ndani ya nyumba

Taswira ya ufunguo na kufuli ni ya mkemia wa Kijerumani Emil Fischer, aliyeitumia mwaka 1894 kueleza jinsi kimeng'enya kinavyochagua kitu cha kufanyia kazi. Tangu hapo imetumika kwa kila kitu kinachoshikana na kingine katika mwili. Katika maelezo ya virusi husemwa hivi: kirusi kina ufunguo, seli ina kufuli mlangoni, ufunguo ukiingia katika kufuli mlango hufunguka, na dawa ni kitu kinachoziba tundu la ufunguo. Ni taswira safi, nayo ina faida ya kueleweka upesi na mtu yeyote mwenye mlango. Ubaya wake utaonekana tukiitazama protini yenyewe.

Kirusi cha Ebola kina jeni saba tu. Juu ya uso wake mna protini ya aina moja, glikoprotini, ambayo kwa ufupi huitwa GP. Ni mnyororo wa asidi amino 676 unaojikunja, ukakatwa vipande viwili, GP1 na GP2, vinavyobaki vimeungana. Nakala tatu za kila kipande hukusanyika kuwa kitu kimoja. Umbo la kitu hicho lilichapishwa mara ya kwanza mwaka 2008 na Jeffrey Lee, Erica Ollmann Saphire na wenzao, waliokuwa wamepitisha miali ya eksirei katika fuwele za protini hiyo. Waandishi wa Kiingereza walilifananisha na kikombe cha ibada. Sisi tungesema ni mtungi uliokaa juu ya kata: GP1 tatu ni mtungi, na GP2 tatu ni kata inayoushikilia kutoka chini. Juu ya mtungi pana kofia ya sukari, na juu ya kofia pana kichaka kingine cha sukari kinachoificha protini isionekane na kinga ya mwili.

Fuwele hizo hazikupatikana kwa GP peke yake. Ilibidi protini ishikwe kwanza na kingamwili iitwayo KZ52, na kingamwili hiyo ilitoka kwa mtu aliyenusurika katika mlipuko wa Kikwit, Kongo, mwaka 1995. Tunalitaja jambo hili kwa sababu katika maelezo mengi sayansi ya maumbo huonekana kama kitu kilichoshuka kutoka maabara za Marekani. Umbo la protini hii tunalijua kwa msaada wa mwili wa Mkongo mmoja.

Sasa tuutazame mlango. Kirusi kikinata juu ya seli hakifungui kitu. Seli yenyewe hukimeza, kama inavyomeza majimaji mengine yaliyo nje yake, na kukitia katika kifuko. Kifuko huzidi kuwa na uchachu kadiri kinavyosogea ndani. Humo vimeng'enya vya seli viitwavyo kathepsini huikata kofia ya sukari pamoja na kile kichaka chake. Kofia ikiisha vuliwa ndipo mahali pa kushikia panapofunuliwa. Hapo GP1 hushika protini ya seli iitwayo NPC1, iliyomo katika utando wa kifuko, ambayo kazi yake ya kila siku ni kupitisha kolesteroli. Kwamba NPC1 ndiyo inayoshikwa lilijulikana mwaka 2011, na umbo la mshikano wenyewe likachapishwa mwaka 2016. Kisha GP2 hujikunjua, hujichomeka katika utando, hujikunja tena, na kwa kujikunja huvuta utando wa kirusi na utando wa kifuko hadi vikaungana. Jeni za kirusi humwagika ndani ya seli.

Msomaji ataona kwamba karibu kila sehemu ya taswira ya Fischer imepinduka. Kufuli haiko mlangoni, iko chumba cha ndani. Mwenye nyumba ndiye aliyemwingiza mgeni, tena ndiye aliyeuchonga ufunguo kwa visu vyake mwenyewe. Kuziba tundu la mlango wa nje hakusaidii, kwa kuwa tundu hilo halipo. Neno mwiba, ambalo limeenea zaidi tangu UVIKO-19, lina kasoro ya namna hiyo hiyo. Linaleta picha ya kitu kinachochoma kutoka nje, kumbe GP hukaa kimya hadi imezwe. Tukitenda haki lazima tukiri kwamba ncha ya GP2 huchoma kweli, ila huchoma baadaye na mahali pengine. Mwiba umefichwa katika kata, chini ya mtungi.

Kwa nini mambo haya yawe na uzito kwa mtu asiye mwanabiolojia? Kwa sababu dawa zilizogawiwa Beni na Butembo zilitofautiana kwa mahali zinaposhika. ZMapp ilikuwa mchanganyiko wa kingamwili tatu. Moja kati yake hushika kofia ya sukari, na mbili hushika shina, pale mtungi unapokutana na kata. Ile inayoshika kofia hupoteza mahali pake kofia ikikatwa. Kingamwili mAb114 hushika ndani ya mtungi, chini ya kofia, nayo haitoki hata kofia ikikatwa. Inabaki pale pale ambapo NPC1 ingeshikwa. Uchunguzi wa maumbo uliolionyesha hilo ulichapishwa mwaka 2016, miaka miwili kabla ya Mangina. Dawa ya tatu, REGN-EB3, ni kingamwili tatu zinazoshika mahali patatu mbalimbali bila kugombana. Hatusemi kwamba tofauti hizo peke yake zinaeleza matokeo yote tutakayoyataja. Tunasema kwamba aliyefundishwa ufunguo na kufuli hawezi hata kuuliza swali hili, maana katika picha aliyopewa kofia haimo.

Kubuni, kusanifu, kuteua

Pana neno jingine linalohitaji kuhakikiwa. Dawa hizi husemwa kuwa zimebuniwa. Kwa wasomaji wa jarida kama hili hakuna haja ya kueleza kwamba kazi ya kubuni ni kazi isiyo ya kweli kihistoria, na kwamba habari ya kubuni ni uongo uliopambwa. Kusema dawa iliyobuniwa mbele ya watu waliokwisha kuambiwa na majirani kwamba Ebola yenyewe imebuniwa ni kukosa sikio la lugha. Kusanifu kungefaa zaidi, nako kuna mifano yake halali. Protini ya VVU inayokata protini nyingine ilijulikana umbo lake mwaka 1989, wakemia wakasanifu vidonge vya kuziba mahali inapokatia, na kimoja kati ya hivyo, saquinavir, kikaruhusiwa Marekani mwezi wa Desemba 1995. Huko umbo lilitangulia na dawa ikafuata.

Lakini mAb114 haikubuniwa wala haikusanifiwa. Ilitafutwa katika damu ya mtu aliyeugua Kikwit mwaka 1995 na kunusurika, na damu hiyo ilitolewa miaka 11 baadaye. Watafiti wa Marekani, wakishirikiana na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa na wenzao wa Uswisi, waliiteua kati ya kingamwili nyingi za mtu huyo. Umbo lilikuja nyuma kueleza kwa nini iliyoteuliwa inafaa. Muyembe alikuwa na sababu ya kuamini kwamba damu ya walionusurika ina kitu. Huko Kikwit, mwaka huo wa 1995, yeye na wenzake waliwaongezea wagonjwa wanane damu ya watu waliokwisha kupona, na saba kati yao waliishi. Wanane ni wachache mno kuthibitisha neno, na wengi nje ya Kongo hawakuitilia maanani habari hiyo wakati ule.

Kwa hiyo mgonjwa aliyelala Butembo mwaka 2019 na kuwekewa mAb114 kwa mshipa alikuwa akipokea nakala ya protini iliyotungwa kwanza na mwili wa mtu wa nchi yake. Neno kingamwili halimwambii hivyo. Ni neno zuri katika kamusi, ila mwambatano wake wa kinga na mwili humpeleka msikilizaji kwenye kuzuia, upande wa chanjo, ilhali hapa tunazungumzia tiba ya mtu aliyekwisha kuugua. Tena chanjo nayo ilikuwepo, na watu zaidi ya 300,000 waliipata katika mlipuko huo. Chanjo hiyo ni kirusi kingine, cha mifugo, kilichovuliwa protini yake ya juu na kuvikwa GP ya Ebola. Mtu aliyeuliza kama chanjo ina Ebola ndani yake hakuwa mjinga. Jibu sahihi ni kwamba ina vazi la Ebola bila mwili wake, na jibu hilo halipatikani bila kutaja umbo. Katika mazungumzo ya kila siku chanjo, kingamwili, na hata maji ya klorini ya kunawia, vyote vinaweza kuitwa dawa. Neno moja linabebeshwa kazi tatu, na anayelaumiwa kwa kutoelewa ni msikilizaji.

Vitenzi kabla ya nomino

Mjadala wa istilahi umejaza kurasa nyingi za majarida ya Kiswahili tangu miaka ya 1970. Tumebishana juu ya kutohoa na kuunda, juu ya kirusi na virusi, na kama ki- ya neno hilo ina haki ya kuwepo ikiwa vi- yake ni ya Kilatini. (Waliochelea kwamba Kirusi kitachanganywa na lugha ya Warusi walikuwa na wasiwasi mwingi kuliko ushahidi.) Matunda ya mjadala huo hayapaswi kudharauliwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo kamusi za namna hiyo, kwa desturi yake, ni ghala za nomino. Zinatupa kipokezi, kimeng'enya, utando. Hazituambii kipokezi kinafanywa nini.

Na protini, kama tulivyoona, ni kitu cha kutenda. Hujikunja na kujikunjua, hufunika na kufunua, hunasa na kunasua. Haya ni maneno ya jikoni, ya ushoni na ya mtegoni, na yote yamejengwa juu ya mnyambuliko mmoja, yaani kauli ya kutendua, ambayo walimu wetu huifundisha kwa mifano michache na kuipita. Kwa kiambishi kimoja kidogo Kiswahili hueleza kwamba tendo limerudishwa nyuma: kunja, kunjua, ziba, zibua, pachika, pachua. Kifaransa na Kiingereza vinahitaji kiambishi awali na mara nyingi neno zima la kigeni. Pamoja nayo iko kauli ya kutendama, inayoeleza hali ya kukaa katika tendo, kama fungamana na shikamana, nayo ndiyo hasa hali ya kingamwili isiyotoka kofia ikikatwa. Iko pia kauli ya kutendeka: mahali panaposhikika na dawa ni mahali ambapo wanakemia hupatafuta miaka mingi, na neno kushikika linapaeleza bila kuhitaji kamati. Zaidi ya hayo, mnyambuliko huu ni urithi wa Kibantu. Kinande nacho kina kauli yake ya kutendua, na kwa hiyo maelezo yaliyojengwa kwa vitenzi yanaweza kuvuka kutoka Kiswahili cha Dar es Salaam hadi Kiswahili cha Butembo na hadi Kinande cha Kipese kwa urahisi ambao nomino hazina.

Ili tusionekane kwamba tunakosoa bila kutoa, tunaweka hapa kielelezo kifupi cha maelezo ambayo tunadhani yangeweza kusomwa redioni:

Kirusi hiki kimevaa kofia. Seli ya mwili wako hukimeza bila kujua, ikakivua kofia, na kikiisha vuliwa hushika ukuta wa tumbo la seli na kulitoboa. Dawa hii ilitoka katika mwili wa mtu wa Kikwit aliyeugua akaishi. Inakishika kirusi chini ya kofia. Kofia ikivuliwa, dawa bado imeshikamana, na kirusi hakipati pa kushika. Lakini dawa hukishika kirusi kikiwa njiani, kati ya seli na seli. Kilichokwisha kuingia hakifikiwi nayo. Ndiyo sababu tunakuomba uje mapema.

Kielelezo hiki kina udhaifu. Tumbo la seli ni istiari inayoweza kuchanganya, na sentensi ya mwisho inahitaji mtu anayeaminiwa kuisema. Lakini kinafanya jambo ambalo ufunguo na kufuli haufanyi: kinaeleza sababu ya kuharakisha. Takwimu zinakiunga mkono. Kati ya wagonjwa waliofika wakiwa na virusi wachache damuni na kupewa mAb114 au REGN-EB3, alifariki takriban mmoja kati ya kumi. Kati ya waliofika na virusi wengi, walifariki zaidi ya sita kati ya kumi, kwa dawa zile zile.

Pamoja Tulinde Maisha

Takwimu hizo zinatoka katika jaribio lililoanza tarehe 20 Novemba 2018 katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na ambalo jina lake ni la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 waliandikishwa. Tarehe 9 Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa kwa sababu tofauti ilikuwa imekwisha kuonekana. Baada ya siku 28, waliofariki kati ya waliopewa ZMapp walikuwa asilimia 49.7, remdesivir asilimia 53.1, mAb114 asilimia 35.1, na REGN-EB3 asilimia 33.5.

Jina hilo lina sifa zake. Dhamira ya kuhimiza katika tulinde inamweka mgonjwa na daktari katika nafsi moja, nafsi ya kwanza wingi, na hilo si jambo dogo katika mji uliokuwa umegawanyika. Lakini ni jina lisilosema chochote juu ya kitu linachokitaja. Halisemi kwamba ni jaribio, kwamba dawa ni nne, wala kwamba mgonjwa hatachagua. Na likifupishwa kuwa PALM, kama lilivyofupishwa katika majarida, Kiswahili chenyewe hutoweka na kubaki mti wa Kiingereza.

Ugumu mkubwa ulikuwa katika kueleza ugawaji. Kila mgonjwa alipangiwa dawa bila upendeleo wa mtu yeyote. Kiswahili kina maneno mawili ya karibu. Bahati nasibu inanuka kamari. Kura ni safi zaidi, ila ina maana ya pili, na anayelitumia Beni au Butembo yampasa akumbuke kwamba tarehe 26 Desemba 2018 wapiga kura wa miji hiyo waliambiwa kuwa uchaguzi wao umeahirishwa hadi Machi 2019, Ebola ikiwa mojawapo ya sababu zilizotolewa, ilhali sehemu nyingi za nchi zilipiga kura siku nne baadaye. Kumwambia mtu wa Butembo, majuma machache baada ya hapo, kwamba dawa yake itaamuliwa kwa kura ni kumwekea neno lenye jeraha. Maelezo marefu yangefaa kuliko neno lolote: hatujui ipi ni bora, kwa hiyo hatumchagulii mtu, ili mwishowe tujue. Ni sentensi moja, haina istilahi hata moja, na inasema ukweli ambao jina la jaribio liliuficha.

Remdesivir yastahili neno moja. Hii haishiki GP. Inajifanya kuwa mojawapo ya herufi ambazo kirusi huzitumia kunakili jeni zake, ikakwamisha protini inayonakili, iitwayo L. Ilipogawiwa Beni, umbo la protini hiyo lilikuwa halijaonekana bado. Lilichapishwa mwaka 2022.

Kupona

Dawa mbili zilizoshinda ziliruhusiwa Marekani mwaka 2020, REGN-EB3 mwezi wa Oktoba kwa jina la Inmazeb na mAb114 mwezi wa Desemba kwa jina la Ebanga, na Shirika la Afya Duniani likazipendekeza zote mbili mwaka 2022. Limebaki neno ambalo hakuna kamati iliyolijadili, kwa sababu kila mtu anadhani analijua.

Kupona katika Kiswahili ni tendo lililokwisha. Aliyepona hana tena kilichompata. Kifaransa cha huko kilikwenda mbali zaidi kikamwita mshindi. Lakini kingamwili ni protini kubwa inayosafiri kwa damu, na ziko sehemu za mwili, kama jicho na korodani, ambazo mwili wenyewe huzilinda zisiingiwe na vitu vya damu kwa wingi. Humo kirusi kinaweza kukaa miezi mingi. Mgonjwa mmoja wa mlipuko huo alikuwa amechanjwa, akaugua, akatibiwa kwa mAb114, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na miezi sita hivi baadaye akaugua tena na kufariki. Mnyororo wa maambukizi uliotokana naye ulikuwa na wagonjwa 91. Mwezi wa Februari 2021 ugonjwa ulizuka tena katika eneo la Butembo, watu 12 wakaugua na sita wakafa, na jeni za kirusi zilionyesha kwamba ni kile kile cha mlipuko uliotangazwa kuisha mwaka uliotangulia.

Mtu anayeambiwa amepona, kisha akaombwa alete manii yapimwe kila mwezi hadi majibu mawili yasionyeshe kirusi, anasikia maneno mawili yanayopingana, na ana haki ya kuuliza ni lipi la kweli. Vipimo vilivyomtoa kituoni ni vya damu. Kinachojulikana siku hiyo ni kwamba damu yake haina kirusi kinachoonekana, na Kiswahili kinaweza kulisema hilo kwa maneno manne: damu yako imekwisha safika. Mwenye kuambiwa hivyo atauliza mwenyewe habari ya sehemu nyingine za mwili.